Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Maonyesho ya Katuni Uingereza na Namna ya Kuzipata Katuni za Wachapishaji Wadogo

Majibu haya ni ya wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Uingereza, au wanaopanga kufika huko, ambao wangependa kuingia kwenye maonyesho ya katuni, yaani hadithi za kuchorwa zinazosomwa vitabuni na majaridani, bila kubaki wanazunguka ukumbini wasijue pa kusimama. Yana upendeleo, na ni haki niutaje mapema: naamini kilicho bora katika katuni za Uingereza hakiko jukwaani wala kwenye foleni ya waigizaji wa filamu. Kiko mezani, mbele ya mtu aliyeiandika hadithi, akaichora, akaichapisha kwa pesa yake na kuibeba begini hadi pale.

Nikisikia Comic Con nawaza watu waliovaa kama mashujaa wa filamu. Ndiyo hayo hayo?

Kwa sehemu, ndiyo. MCM Comic Con hufanyika London mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Mei na mwezi wa Oktoba, katika kumbi za ExCeL kule Docklands. Ni soko la kila kitu: waigizaji, michezo ya video, anime (katuni za video za Kijapani), sanamu, na vijana kwa maelfu waliovalia kosplei, yaani mavazi ya kuiga wahusika, walizoshona wenyewe. Ni raha ya macho. Wachoraji nao wana eneo lao, na ukilitafuta makusudi hutatoka mikono mitupu.

Lakini yapo matamasha mengine ambayo katuni ndiyo mwenye shughuli, si mgeni mwalikwa. Humo hukuti sana waigizaji. Unakuta safu za meza, na nyuma ya kila meza amekaa mtu aliyetengeneza kile anachokiuza. Majibu mengi hapa chini yanahusu matamasha ya namna hii.

Jambo lenyewe si geni. Mkutano wa kwanza wa wapenzi wa katuni nchini humo ulifanyika Birmingham mwaka 1968. Mwaka 1985 ukaanza mkutano mkubwa wa London uliojulikana kama UKCAC, na mwaka 1992 Oxford wakaanzisha Caption, uliokuwa hasa wa wanaojichapishia wenyewe.

Katuni zipi zinahesabiwa kuwa za wachapishaji wadogo?

Kuanzia kijitabu cha kurasa 12 kilichotolewa fotokopi na kupigwa pini mbili za stepla, hadi kitabu kizito cha jalada gumu kutoka nyumba ya uchapishaji yenye wafanyakazi wachache. Kinachoviunganisha ni kwamba hadithi ni mali ya aliyeitunga. Hakuna kampuni inayomiliki mhusika na kumbadilishia mwandishi kila inapotaka.

Majina ya wachapishaji utakayokutana nayo mara kwa mara ni haya. Knockabout wapo tangu miaka ya 1970. SelfMadeHero walianza mwaka 2007, na Nobrow wa London mwaka 2008, wanaojulikana kwa vitabu vyenye karatasi nzuri na rangi zilizopangwa kwa uangalifu mkubwa. Myriad wana asili ya Brighton na wamechapisha kumbukumbu nyingi za maisha. Avery Hill wa kusini mwa London walianza mwaka 2012, nao nina mapenzi nao ya pekee kwa sababu nitakazozieleza. Chini yao kuna mamia ya watu wasio na kampuni yoyote, wenye jina lao na anuani ya tovuti tu nyuma ya jalada.

Kwa nini lazima niende tamashani? Si ningezinunua dukani kama vitabu vingine?

Hapa inabidi kurudi nyuma kidogo.

Kwa miongo mingi katuni za Uingereza ziliuzwa na wauza magazeti, kila wiki, kwa bei ya mfuko wa mtoto. The Dandy ilianza mwaka 1937 na The Beano mwaka 1938, zote kutoka kampuni ya DC Thomson ya Dundee, Scotland. Jarida la 2000 AD lilifuata Februari 1977, na toleo lake la pili likamleta mhusika Judge Dredd. Ulikuwa mfumo uliowalisha wachoraji wengi, ila haukuwapa umiliki. Mchoraji alilipwa kwa ukurasa, na kwa miaka mingi hata jina lake halikuandikwa chini ya kazi yake. Soko la majarida ya kila wiki lilipoanza kusinyaa, waliokuwa na majina makubwa, kama Alan Moore, Brian Bolland na Dave Gibbons, walichukuliwa na kampuni za Marekani. Nyumbani kukabaki wachoraji wengi wenye hadithi zao na wasio na mahali pa kuzitoa.

Wakaanza kuzichapisha wenyewe. Mwaka 1981, mpenzi wa katuni aitwaye Paul Gravett alianza kuweka meza iliyoitwa Fast Fiction kwenye soko la katuni lililokuwa likifanyika Westminster, London. Utaratibu ulikuwa mwepesi: mtu yeyote mwenye kijitabu chake alimpelekea, yeye akakiuza na kumfikishia mwenyewe pesa yake. Pale meza moja ikawa duka, ofisi ya posta na kijiwe cha kizazi kizima. Eddie Campbell, ambaye baadaye alichora From Hell, hadithi iliyoandikwa na Alan Moore, ni mmoja wa waliopitia hapo na hadithi zake za fotokopi. Mwaka 1983 Gravett na Peter Stanbury wakaanzisha jarida la Escape, na wengi wa waliokuwa wakiuziwa vijitabu vyao pale mezani wakachapishwa humo.

Newcastle nako, mwaka 1979, kijana aitwaye Chris Donald akishirikiana na wenzake alichapisha nakala 150 za jarida la utani lililoitwa Viz na kuziuza baa. Miaka kumi baadaye Viz lilikuwa likiuza zaidi ya nakala milioni moja kwa toleo. Hakuna aliyeweza kuirudia bahati hiyo, lakini kila anayepeleka nakala 150 kwa mchapaji leo anaijua habari hiyo.

Kwa hiyo meza si mapambo ya tamasha. Ndiyo njia ya usambazaji. Maduka ya katuni yalizoea kuagiza kwa wasambazaji wakubwa waliojikita kwenye bidhaa za Marekani, na Diamond, mkubwa wao kwa miaka mingi, aliomba ulinzi wa kufilisika Januari 2025. Mtu mwenye nakala mia mbili za kijitabu chake hakuwahi kuwa na nafasi kwenye orodha zile. Ukimkosa tamashani, huenda usimpate tena.

Nikiwa na nafasi ya kwenda mara moja tu kwa mwaka, niende wapi?

Thought Bubble, bila kusitasita. Lilianzishwa Leeds mwaka 2007 na Lisa Wood, ambaye mwenyewe ni mchoraji na huchora kwa jina la Tula Lotay. Tangu 2019 soko lake kuu hufanyika Harrogate, mji mdogo wa Yorkshire uliojaa majengo ya mawe, mwezi wa Novemba. Nalipendekeza kwa sababu wachoraji waliokwisha kuwa na majina duniani hukaa kwenye safu zile zile na wanafunzi wa chuo wanaouza kazi yao ya kwanza. Unaweza kupanga foleni kwa msanii unayemfahamu toka utotoni, ukageuka, na jirani yake akakuuzia kitu kitakachokukalia moyoni kuliko ulichokijia.

Kama unapenda utulivu na mandhari, lipo Lakes International Comic Art Festival kaskazini magharibi, katika eneo la maziwa la Cumbria. Lilianza Kendal mwaka 2013 na mwaka 2022 likahamia Bowness-on-Windermere, kando ya ziwa. Limejengwa kwa mfano wa tamasha la Angoulême la Ufaransa, lenye mazungumzo marefu, maonyesho ya michoro halisi na wageni kutoka nchi nyingi. Ni zuri zaidi kwa anayetaka kuwasikia wasanii wakieleza kazi yao kuliko kwa anayetaka kununua tu.

Na usidharau soko dogo la siku moja kwenye ukumbi wa maktaba au wa chuo karibu na unapoishi. Meza ishirini unaweza kuzipitia zote kwa makini. Meza mia nne huwezi.

Tiketi na malazi je?

Nunua tiketi kwenye tovuti ya tamasha lenyewe, si kwa walanguzi. Kwa Harrogate, hoteli za karibu hujaa mapema, hivyo wengi hulala Leeds au York na kupanda treni asubuhi. Kutoka Leeds ni kama nusu saa na ushei. Kwa Windermere, treni inakuishia kituoni na bado una mwendo wa kuteremka hadi Bowness. Kwa ExCeL, panda treni ya Elizabeth line ushuke Custom House, utakuwa mlangoni. Novemba Yorkshire ni baridi ya kweli, lakini ndani ya ukumbi kuna joto la watu wengi, kwa hiyo vaa nguo za tabaka unazoweza kuvua moja moja.

Nimeingia ukumbini, meza hazina mwisho. Nianzie wapi?

Kabla ya safari, fungua orodha ya waliopewa meza. Matamasha mengi huitoa wiki kadhaa mapema pamoja na ramani. Pitia jina baada ya jina, angalia mchoro mmoja tu wa kila mtu, na weka alama kwenye namba za meza za wale waliokusimamisha. Kazi hii ya jioni moja au mbili nyumbani ndiyo itakayokuokoa.

Ukifika, zunguka ukumbi mzima mara moja bila kununua kitu, isipokuwa kile unachoona kimebaki nakala mbili. Macho yanahitaji kuzoea. Mwanzoni mabango makubwa na yenye rangi kali huvuta watu wote. Mzunguko wa pili ndipo utakapoanza kuona meza ya pembeni yenye kitambaa cheupe na vijitabu vitatu tu, na mwenyewe kainama anachora huku akisubiri. Hapo ndipo napopenda kuanzia.

Chukua kijitabu. Usiangalie jalada peke yake, maana jalada huchorwa kwa siku nyingi na kwa mbwembwe zote. Fungua katikati, ukurasa wa kushoto, na uusome kuanzia kisanduku cha kwanza hadi cha mwisho. Je, umejua nani anazungumza na yuko wapi bila kurudi nyuma? Maneno yamepewa nafasi au yamesongamana juu ya vichwa vya watu? Kuna kisanduku kimoja kisicho na neno ambacho bado kinasema kitu? Mchoro mnyonge wenye mtiririko mzuri unasomeka hadi mwisho. Mchoro hodari usio na mtiririko utauweka rafuni na hutaufungua tena. Mtu mwenye ukurasa wa katikati uliotulia ni mtu anayejua kusimulia, hata kama mikono anaichora kama uma.

Acha sehemu ya bajeti yako, hata pauni kumi, kwa ajili ya vitu ambavyo hukuvipanga kabisa.

Kuna adabu gani za mezani?

Salimia. Omba kufungua kitabu, ingawa karibu wote watakwambia karibu. Si vibaya kuuliza "Hadithi hii inahusu nini?" kwani mwenye meza amelijibu swali hilo tangu asubuhi na anatamani ulikamilishe kwa kumsikiliza. Ukiona hakikufai, shukuru na uende, hakuna anayekasirika. Kinachoumiza ni kusimama mbele ya meza dakika kumi ukipiga soga na rafiki yako huku wanunuzi wakishindwa kusogea.

Usiombe kupunguziwa bei. Najua kwetu kununua bila kupatana kunaonekana kama uzembe, lakini mtu huyu amelipia meza, treni, hoteli na uchapaji, na wengi hurudi nyumbani wakiwa wamefidia gharama tu. Akiwa na kifurushi cha vitabu vitatu kwa bei nafuu, atakuwa ameshaandika kwenye kikaratasi.

Sahihi kwa kawaida ni bure ukinunua. Mchoro mdogo ndani ya jalada wengine huutoa kwa moyo, wengine huutoza, na kila mmoja ana haki yake, hivyo uliza kwanza. Usipige picha kazi zilizobandikwa ukutani bila ruhusa. Na kwa waliovaa kosplei kanuni ni moja: omba ndipo upige picha, na usimguse mtu.

Niandae pesa kiasi gani?

Vijitabu vingi vya stepla ni pauni chache tu. Kitabu kamili cha jalada gumu huweza kuvuka pauni 15. Karibu kila mtu ana kifaa cha kupokea kadi au simu, lakini mtandao wa ukumbini huelemewa mchana, kwa hiyo noti ndogo ndogo bado zina heshima yake. Jambo la kufurahisha: nchini Uingereza vitabu na majarida, katuni zikiwemo, havitozwi kodi ya ongezeko la thamani.

Kwa nini vitabu vingine vinaacha wino vidoleni?

Umeshika kazi ya Riso. Ni mashine ya Kijapani inayofanana na fotokopi kwa nje, lakini ndani inachapa kwa kusukuma wino kupitia karatasi laini iliyotobolewa, rangi moja kwa wakati mmoja. Ukitaka waridi na buluu, karatasi inapita mara mbili, na ngoma ya wino hubadilishwa katikati.

Kiweke kitabu karibu na dirisha ukitazame kwa karibu. Rangi imejaa vitone vidogo kama punje. Pale waridi lilipolalia buluu pamezaliwa zambarau ambayo haikuwekwa na wino wowote. Kwenye ukingo wa uso wa mhusika utaona ufito mwembamba mweupe, au rangi iliyovuka mstari kwa nusu milimita, kwa sababu karatasi haipiti mara mbili mahali pale pale kabisa. Hivyo kila nakala inatofautiana kidogo na mwenzake. Wino wenyewe una asili ya mafuta ya mimea na haukauki sawasawa kama wa kiwandani, ndiyo maana unachafua. Nawa mikono ukimaliza, na usikifute ukurasa kwa kitambaa chenye maji.

Wachoraji wanaipenda kwa sababu ni nafuu kwa nakala chache na ina rangi, kama ile waridi inayong'aa, ambazo mashine za kawaida hazina.

Nitajie wa kuanza nao.

Kila msomaji na ladha yake, lakini hawa watakuonyesha upana wa uwanja.

Bryan Talbot ni mzee wa fani hii. The Adventures of Luther Arkwright alianza kuichora miaka ya 1970 katika majarida madogo, na ni miongoni mwa riwaya za picha za mwanzo kabisa za Uingereza. Baadaye, pamoja na mkewe Mary Talbot, alitoa Dotter of Her Father's Eyes, iliyoshinda tuzo ya vitabu ya Costa ya mwaka 2012 katika kundi la wasifu, dhidi ya vitabu vya maneno pekee.

John Allison amekuwa akichora kwenye intaneti kwa miaka mingi. Giant Days, hadithi ya wasichana watatu wa chuo kikuu kule Sheffield, aliichapisha mwenyewe kwanza. Mwaka 2015 ikachukuliwa na mchapishaji wa Marekani na mwaka 2019 ikapata tuzo mbili za Eisner, tuzo kubwa za katuni za Marekani. Ni ya kuchekesha na inawapenda watu wake.

Avery Hill niliowataja ndio waliochapisha kitabu cha kwanza cha Tillie Walden, The End of Summer, mwaka 2015. Yeye ni Mmarekani, alikuwa bado mwanafunzi, na wachapishaji wadogo wa London ndio waliomwona kabla ya wakubwa wa kwao. Mwaka 2020 wakamtoa Zoe Thorogood na The Impending Blindness of Billie Scott, kuhusu mchoraji kijana anayeambiwa atapofuka. Jicho la namna hii halinunuliki, na ndiyo sababu nikiona nembo yao natoa pochi kabla sijasoma nyuma ya jalada.

Tom Gauld na Simone Lia walianza na Cabanon Press, kampuni yao wenyewe ya vijitabu. Leo Gauld anafahamika kwa vibonzo vyake vya vitabu na wasomaji katika gazeti la Guardian.

Kama unatafuta mambo mazito ya maisha, uwanja huu una nguvu ya ajabu. Darryl Cunningham alifanya kazi wodi ya wagonjwa wa akili na akaandika Psychiatric Tales. Katie Green alichora safari yake ya maradhi ya kula katika Lighter Than My Shadow, kitabu kinene ambacho hofu ndani yake ni wingu la mistari ya kalamu linalomfuata msichana kila ukurasa. Ian Williams, daktari, aliandika The Bad Doctor kuhusu daktari wa kijijini Wales anayesumbuliwa na mawazo yake mwenyewe.

Je, kuna kazi za watu wanaofanana nasi?

Zipo, na zinahitaji wasomaji. Bobby Joseph wa London alianzisha jarida la Skank miaka ya 1990, lililojaa utani wa Waingereza weusi, na pamoja na Joseph Samuels akatoa Scotland Yardie. Amepewa pia heshima ya kuwa balozi wa taifa wa katuni, nafasi iliyoshikwa kwanza na Dave Gibbons. Woodrow Phoenix aliandika Rumble Strip, kitabu kuhusu magari na vifo vya barabarani ambacho hakina mtu hata mmoja aliyechorwa, barabara tu, na bado kinakutetemesha. Sabba Khan, mzaliwa wa familia ya Kikashmiri mashariki mwa London, alipata tuzo ya Jhalak, ya waandishi wasio weupe wa Uingereza, mwaka 2022 kwa The Roles We Play. Yeyote aliyelelewa kati ya lugha ya mama na lugha ya shule atajiona humo.

Afrika Mashariki nayo ina uzi wake katika historia hii. Terry Hirst, mzaliwa wa Brighton, alihamia Kenya mwaka 1965. Mwaka 1973 yeye na Hilary Ng'weno walianzisha jarida la Joe, na miaka ya 1980 akachora ngano za Kiafrika katika vitabu vya Pichadithi, ambavyo wengi waliosoma Kenya wakati huo wanavikumbuka. Ukizungumza na wachoraji wa Uingereza kuhusu Hirst utakuta wengi hawamfahamu. Waambie.

Naweza kwenda na watoto?

Ndiyo, na ninashauri hivyo. Watafute The Phoenix, jarida la kila wiki lililoanza Januari 2012 huko Oxford, lisilo na matangazo ya vikaragosi wala zawadi za plastiki, hadithi tupu. Hadithi za Hilda za Luke Pearson, ambazo zilianza mwaka 2010 kama kijitabu chembamba cha Nobrow na mwaka 2018 zikawa katuni ya video ya Netflix, zinawafaa wa shule ya msingi na wazazi wao. Meza nyingine huuza kazi za watu wazima. Nyingi huandika wazi, lakini mchoro mtamu wa sungura haumaanishi hadithi ni ya sungura. Uliza kabla ya kumkabidhi mtoto.

Nikikosa matamasha yote?

Yapo maduka machache yenye roho hiyo hiyo. Gosh! Comics iko Berwick Street, Soho, London, nayo ina rafu za vijitabu vya wasanii wanaojichapishia. Page 45 ya Nottingham, iliyofunguliwa 1994, inajulikana kwa wauzaji wanaokuuliza unapenda kusoma nini kisha wanakuchagulia. Maktaba ya mtaani kwako ina rafu ya riwaya za picha, na ukikosa kitabu wanaweza kukuagizia. Jumba la Cartoon Museum lipo Wells Street, London, kwa anayetaka kuona michoro halisi na madoa ya wino mweupe wa kusahihishia.

Mtandaoni, wengi huuza kupitia tovuti zao, na wengine huchangisha gharama za uchapaji kupitia Kickstarter, iliyofunguliwa kwa miradi ya Uingereza mwaka 2012. Ukichangia, jua kwamba kitabu kinaweza kuchelewa miezi. Mtengenezaji ni mtu mmoja mwenye kazi nyingine mchana.

Mimi mwenyewe nachora. Nawezaje kupata meza?

Maombi hufunguliwa miezi mingi kabla ya tamasha, na makubwa hujaa. Utaombwa mifano ya kazi na maelezo mafupi. Anza na soko dogo, ugawane meza na mwenzako, gharama mgawane pia.

Kijitabu cha stepla lazima kiwe na kurasa zinazogawanyika kwa nne, kwa sababu kila karatasi iliyokunjwa hutoa kurasa nne. Chapa kidogo: nakala 50 zilizokwisha zina faida kuliko 300 zilizo chini ya kitanda. Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, si lazima kwa kuuza mezani. Lakini kisheria anayechapisha Uingereza anatakiwa kupeleka nakala moja British Library ndani ya mwezi mmoja tangu kuichapisha, hata kikiwa kijitabu cha fotokopi. Tekeleza hilo kwa furaha. Mwaka 2014 maktaba hiyo ilifanya maonyesho makubwa ya katuni za Uingereza, na kinachohifadhiwa leo ndicho kitakachoonekana kesho.

Kama unatoka nje ya nchi, angalizo: raia wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji viza, na raia wa Oman na nchi nyingine za Ghuba huomba kibali cha mtandaoni cha ETA. Lakini ruhusa ya mgeni hairuhusu kuuza bidhaa moja kwa moja kwa umma. Unaweza kutembelea, kusikiliza, kuonana na wachapishaji na kuwaonyesha kazi yako. Kukaa nyuma ya meza ukipokea pesa ni jambo jingine, kwa hiyo wasiliana na waandaaji na upate ushauri wa uhamiaji kwanza.

Katuni yangu ni ya Kiswahili. Kuna atakayeinunua?

Wapo, wakiwemo Waswahili wenzako walioko ughaibuni wanaotafuta kitu cha kuwasomea watoto. Kwa wengine, weka karatasi moja ya tafsiri ndani ya jalada, kisanduku kwa kisanduku, na uache maneno yako kama yalivyo ndani ya hadithi. Au jaribu hadithi isiyo na maneno: mezani inafunguliwa na kusomwa na kila anayepita.

Nitasafirishaje vijitabu nilivyonunua hadi Dar, Mombasa au Bujumbura bila kukunjika?

Gharama ya posta kwa kijitabu kimoja mara nyingi inazidi bei yake, kwa hiyo vibebe mwenyewe. Nenda na bahasha ya kadibodi ngumu ya A4, panga vijitabu migongo ikipishana ili pini za stepla zisilaliane upande mmoja, funga kwa mfuko wa nailoni na uviweke katikati ya nguo kwenye begi la mkononi. Kazi za Riso zitenganishe kwa karatasi nyeupe, zisiachiane wino. Michoro halisi uliyoagiza iweke kwenye bomba la kadibodi ikiwa ni mikubwa, na uombe risiti kwa kila mchoro uliolipia zaidi ya pauni chache. Afisa wa forodha akiuliza thamani, utakuwa na cha kumwonyesha.